Mbwa Wangu Anasikia Kichaga cha Mke Wangu Tu

Mpendwa Mama Mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijagombana na watu wawili ninaowapenda kwa ajili ya mbwa mmoja, maana hapa nilipofika sijui nianzie wapi, na kazini nikisimulia wanacheka tu.

Mimi ni Mwarusha wa Olmotonyi, shamba letu linapakana na msitu, na mchana nashinda mjini nachomelea mageti huku mke wangu Anande, Mchaga wa Machame, akibaki nyumbani na cherehani yake na binti yetu mdogo Irine. Mwaka jana baba alinipa mtoto wa mbwa wake wa kusaka, wa ukoo ambao zamani aliwinda nao na sasa kazi yao ni kufukuza nguruwe pori wanaokula mahindi, nikamwita Kamanda, na kweli hapokei amri ya mtu. Nilimfundisha kama baba alivyokuwa akifundisha, kwa Kimaa, njoo ni "wou", na akichelewa kuja namchapa ili aelewe, kila jioni hivyo hivyo hata nikiwa nimechoka, lakini nikimwita ananitazama kama mtu anayesikia redio ya jirani, halafu anakwenda kulala chini ya cherehani.

Kumbe mwenzangu mchana anaongea naye Kichaga. Si kumwita tu, ni mazungumzo kabisa, anamsimulia habari za mama yake, za kahawa yao, za nani ameolewa huko kwao, na mbwa anasikiliza. Sisi nyumbani tunaongea Kiswahili, kwa baba ni Kimaa, na mtoto alipozaliwa nilimwomba Anande asimchanganye na lugha tatu, akakubali vizuri tu bila ugomvi, sasa sijui hiki Kichaga kimetoka wapi.

Juzi aibu ikanikuta. Baba alikuja kututembelea, nguruwe akachomoka kwenye mahindi, Kamanda akamfuata kuelekea msituni ambako kuna mitego ya watu, nami nikaita "wou" mpaka sauti ikakauka na mbwa ndiyo kwanza anaongeza mbio. Anande akatokea mlangoni na futi ya kupimia shingoni, akatamka neno moja la kwao, wala hakupiga kelele, mbwa akageuka, akaja, akakaa miguuni pake. Baba akamtazama mbwa, akamtazama mkwe wake, akaniambia, "Lemomo, huyu mbwa ana mwenyewe, na si wewe. Mahindi yakianza kubeba nakuja tena. Asipokusikia, nampa mdogo wako Sankale."

Anande hakulia, ila siku ile hakushona. Sasa mama, nikimkataza asiongee na mbwa nitakuwa nimekosea? Nampenda mke wangu, na Kamanda nampenda pia hata kama yeye hana habari na mimi.

Lemomo, Olmotonyi

JIBU

Marahaba, mwanangu Lemomo. Nimecheka, nisikufiche, halafu nikairudia barua yako nikaacha kucheka.

Tuanze na mbwa. Kwa kuwa mimi hata paka wangu hanisikii, nilimpigia kaka yangu Stanley, anayefundisha mbwa wa ulinzi hapa Engutoto. Alipomaliza kuguna alisema hivi: unamwita mbwa, anakuja, unamchapa. Wewe unadhani umemwadhibu kwa kuchelewa, yeye anajua amechapwa kwa kuja. Angekuwa mjinga kama angerudia. Fimbo hiyo itafutie kazi nyingine. Mfunge kamba ndefu, mwite mara moja tu, asipokuja mvute taratibu, na akifika mpe kipande cha nyama na umsifu mpaka uone haya. Chakula cha jioni akipate mkononi mwako. Anza uani, kisha shambani, na usimwachie nguruwe mpaka awe anarudi hata kuku akikatiza mbele yake. Msituni asiingie kabisa. Kuna mitego, na kuwinda kuna sheria zake. Kazi yake iishie kwenye mpaka wa shamba. Halafu nyumba nzima mtumie neno moja la kumwita.

Neno lipi? Hapo sikuhitaji kumpigia mtu simu. Unauliza Kichaga hicho kimetoka wapi. Kimetoka kwa mkeo, amekuwa nacho tangu siku uliyomuoa. Kwa mtoto ulimkataza, kwa baba mkwe ni Kimaa, na wewe mwenyewe sidhani kama unajua hata salamu ya kwao, maana ungeijua ungenitajia. Katika nyumba nzima aliyebaki wa kuzungumza naye lugha ya mama yake ni mbwa, na sasa unataka ruhusa yangu umnyang'anye na huyo. Sikupi. Unasema alikubali bila ugomvi. Mwanangu, hakugomba kwa sababu anakupenda, lakini upweke anao, na Kamanda aliujua kabla yako.

Sikusemi kwa ubaya. Mtu anayetoka kwenye moto wa mageti na bado akapata nguvu ya kukaa na mbwa kila jioni ana moyo, na moyo huo ndio ninaoutaka ugeukie ndani. Leo hii mwombe Anande akufundishe neno lile alilolitamka mlangoni. Utalitamka vibaya, atakucheka. Vumilia, hujamchekesha siku nyingi. Mbwa alishafuzu, anayeanza shule ni wewe. Halafu mwombe radhi kuhusu Irine, na amsemeshe mtoto wake Kichaga kuanzia kesho asubuhi. Watoto wangapi hapa Arusha wana lugha tatu na wanakula na kulala vizuri?

Mzee akija, usimwache mkeo ndani. Simameni wote shambani, na umwite Kamanda wewe mwenyewe, kwa neno hilo hilo. Baba akikuuliza umemwita kwa lugha gani, mjibu kwa heshima yote, bila kutazama chini, kwamba hiyo ni lugha ya nyumbani kwako.