Bwana Fahari wa Redioni

Gonja, Jumapili usiku

Baba amecheka leo! Tangu apate kiharusi hajacheka, wala hatutambui sisi wanawe.

Dada Nakunda amepanda kutoka Hedaru kuja kumwona. Tulipokuwa tukimenya ndizi tukamkumbuka Bwana Fahari, yule mwenye majivuno katika mchezo wa redio. Kijiji kizima cha ujamaa kinalima, yeye yuko kivulini anajisifu! Majirani walikuwa wakijaa sebuleni kwetu kumsikiliza, na aliyecheka kuliko wote ni baba. Mchezo wenyewe haukudumu hata msimu mmoja wa mahindi. Ukaondolewa, hatukuambiwa sababu. Jinsi tulivyosikitika...

Nakunda akatunisha kifua, akamwiga: "Jamani, mvua hii mnajua imenyeshaje?"

Baba akajibu kutoka kitandani, taratibu lakini wazi: "Iliniomba ruhusa mimi!" Akacheka mpaka akakohoa. Nasi tukacheka, Nakunda huku analia.

Nikaona huenda amerudi. Nikamshika mkono. "Baba, mimi ni nani?"

Akanitazama kwa upole sana. "Shikamoo, mama."

Nikaitikia marahaba. Ningefanya nini?