Uso wa Faisal

Shangazi Sada, shikamoo.

Ukishaisoma barua hii ichome, nakuomba. Mdogo wangu Faisal asijue hata neno moja.

Huku Mirongo hatujambo. Vitenge vipya vimefika dukani kwa mzee Rasik, nami bado ni karani wake. Ila tangu mpira wa Faisal uliponipiga, jicho la kulia limetoboka kwa ndani, katikati kabisa, nawe unajua la kushoto ni bovu tangu utotoni. Nikimtazama mtu usoni, naona masikio tu. Jana Faisal alinitania, "Dada, mbona unaongea na bega langu?" Nikacheka naye.

Daktari anasema tundu huenda likajiziba, huenda likapanuka, tusubiri. Lisipoziba, nitapasuliwa, niwekewe gesi jichoni, kisha nishinde na kulala nimeinamisha uso siku kadhaa ili gesi ilibane tundu. Hata hapo hana hakika. Naogopa, shangazi. Nikiinama hapa nyumbani Faisal ataelewa, na hatajisamehe. Nipokee kwako Sengerema.

Usinitumie ujumbe; kuandika mkono umezoea, ila nikisoma herufi zinapotea. Piga simu ya dukani mchana, useme unaulizia vitenge. Sauti yako nitaijua.

Mwanao,
Maulida