Kipepeo Ametoka, Ukamwita Shangazi

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Usimguse kipepeo mpaka mabawa yakauke. Ndivyo kitabu chako cha wadudu kinavyosema.

Wiki mbili nzima nilimchumia majani alipokuwa kiwavi, hata kwenye mvua. Leo asubuhi anatoka kifukoni, nawe unakimbilia simu: "Shangazi, njoo uone!" Na mimi nipo hapo hapo jikoni, mwiko mkononi.

Shangazi akifika, ~~asikalie kiti changu~~ mpe chai. Akianza kujifanya mwalimu, muulize kipepeo huonja chakula kwa kiungo gani. Jibu ni miguu. Kitabu chote nimekisoma kazini, pembeni ya cherehani, saa za chakula, nikingoja siku utakayoniuliza mimi.

Mama yako, mchuma majani