Simu Tatu Kutoka kwa Namba Nisiyoijua

Kwako Mama,

Taa ya sebuleni imegoma tena. Ni ile niliyokuonyesha ulipokuja kunitembelea hapa Free Area, Nakuru, isiyo na swichi, inayowashwa kwa simu. Intaneti imekatika tangu mchana, kwa hivyo taa haijui kama mimi ndiye mwenye nyumba. Siku ile uliitazama, ukanitazama mimi, halafu ukauliza kama swichi za ukutani zilikuwa zimenikosea nini. Nimevuta kiti karibu na dirisha kabla jua halijatua, na ninakuandikia kwa kalamu. Nikifungua kompyuta nitaanza kushughulika na kompyuta, na barua hii nimeiahirisha miezi minane.

Nikimaliza nitaipiga chapa niiweke mahali ambapo wengine wataisoma. Huku mjini tuko wengi tunaowanunulia wazazi wetu simu.

Ulinijua mapema. Nilikuwa darasa la nne nilipoifungua redio ya Baba, ile aliyoinunua akiwa bado anafanya kazi kwenye reli. Alirudi akaikuta imetandazwa kwenye gazeti, vipande vipande, na mimi katikati. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye mshipi. Ukamwambia, "Mwache amalize, ataifunga." Ukaketi sakafuni pamoja nami, ukinishikia skrubu kwenye kiganja ili zisipotee. Niliifunga kweli. Zilibaki skrubu tatu, na redio ikawa inashika stesheni moja tu, ya mahubiri. Ukamwambia Baba kwamba hiyo ndiyo stesheni uliyoitaka siku zote. Kisha ukanigeukia: "Kukhu, kesho usiguse pasi." Uliniita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha yetu, kwa sababu nilipewa jina la nyanya, na ulipenda kuniheshimu kama mkubwa wako, hasa nikiwa nimeharibu kitu.

Baba alipofariki ulibaki peke yako kwenye shamba la Njoro, na ng'ombe mmoja, na kuku, na kabambe yako iliyofungwa kwa raba ili betri isianguke. Simu hiyo ilikuwa inakaa na chaji wiki nzima. Ilikuwa na tochi uliyoingia nayo zizini. Mimi niliiona kama aibu yangu. Watu wa ofisini hunipigia simu niwatengenezee printa zao, wananiita fundi wa kila kitu, na mama yangu ana simu iliyofungwa kwa raba!

"Nipe hiyo takataka, Mama."

"Iko na shida gani?"

"Haina WhatsApp."

"Na mimi WhatsApp nilikuambia naitaka?"

Niliichukua hata hivyo. Nilikuletea simu kubwa, nikaketi nawe jikoni Jumapili nzima. Kwanza nilitaka ikutambue kwa alama ya kidole. Tulijaribu kidole gumba, ikakataa. Tukajaribu vyote kumi. Jembe lilikuwa limezilamba zile alama, na mashine haikuona kitu. Ukaitazama mikono yako pande zote mbili, ukasema polepole, "Kumbe hii haiwezi kujua mimi ni nani." Nilicheka. Nikakuwekea mchoro wa kufungulia, na wiki iliyofuata nikaukuta umeuchora kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni, mkubwa, ili usisahau. Nilikufokea, Mama. Nilikuhubiria habari za usalama kama vile jikoni mwako mlikuwa mnapita wezi wa mtandao. Ukachukua kitambaa ukaufuta huku ukisema pole.

Tangu hapo tukawa na simu yetu ya saa moja jioni. Ulikuwa unafunga kuku, unanawa, halafu unanipigia. Mimi nilizisubiri sana simu hizo. Lakini nimejaribu kukumbuka tulikuwa tunaongea nini, na ninachokumbuka ni mimi nikiuliza. Chaji iko ngapi? Zile video za kwaya umefuta? Mbona hukukubali simu ijisasishe? Na wewe unajibu kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Iko arobaini." "Nimefuta mbili, hizo zingine ni za mazishi ya shangazi yako, naziacha." Nikiridhika nilikuambia sawa, weka kwenye chaji, lala salama.

Sasa nifike kwenye jioni yenyewe.

Wiki hiyo matapeli walikuwa wamenichosha. Kila saa namba mpya, kila saa mtu ameshikilia kwamba nimeshinda kitu. Nikaiweka simu yangu isitoe sauti kabisa ikipigwa na namba ambayo sijaihifadhi. Nilijisifu nayo ofisini na nikawawekea wenzangu wanne vilevile. Jioni hiyo nilikuwa mezani nikihangaika na saa yangu mpya ya mkononi iliyokataa kuongea na simu. Simu ilikuwa hapo hapo, karibu na kikombe. Ilipofika saa moja na nusu nikagundua hujanipigia. Nilipoishika nikakuta namba nisiyoijua imepiga mara tatu. Nikasema moyoni, matapeli hawa hawalali. Nikakupigia wewe, nikaambiwa mteja hapatikani.

Unajua nilihisi nini, Mama? Sikuogopa. Nilikasirika. Nilisema peke yangu, kwa sauti, "Hajachaji tena huyu." Nikarudi kwenye saa yangu.

Asubuhi nilipata ujumbe: "Ni Mama Njeri wa Njoro. Shika simu." Jirani yako, ambaye ua wake umepakana na wako, ambaye mlikuwa mkikopeshana chumvi na kuchungiana ng'ombe miaka yote hiyo, na mimi sikuwa nimeihifadhi namba yake. Alikuwa amekuja na maziwa akakupata kitandani. Daktari alisema ni presha, kwamba mshipa wa kichwa ulipasuka. Mimi hata sikujua una presha. Na baadaye, nilipokuja kulinganisha, ile namba iliyopiga mara tatu ilikuwa hiyo hiyo ya Mama Njeri. Stima zilikuwa zimepotea Njoro tangu asubuhi, simu yako ikazima, ukavuka ua kwenda kuazima ya jirani ili unifikie.

Kwenye mazishi yako familia iligawana kazi, na bila hata kuulizwa mimi nikapewa kamera. Kaka Wafula alikuwa Qatar hajapata ruhusa ya kuja, na shangazi wengine walitaka kuona moja kwa moja kwenye simu zao. Niliikubali kazi hiyo haraka mno. Nilisimama nyuma ya kamera tangu sala ya kwanza hadi ya mwisho. Mtandao ulikuwa unayumba, nikawa nabadilisha laini, nahamisha kigoda, nainua simu juu. Pasta alipoita watoto wa marehemu waje watie udongo, nilimpungia mkono aendelee, kwa sababu picha ilikuwa ndiyo tu imerudi. Saa ya mkononi ikatetemeka ikinishauri nitulie, mapigo ya moyo yamepanda. Wafula aliniambia baadaye kwamba aliona kila kitu vizuri. Mimi niliyekuwa hatua tano kutoka kaburini nilikuona kwenye kioo cha simu kiganjani.

Mama Njeri alinijia siku hiyo nikiwa hapo nyuma ya kamera. Akanishika kiwiko. "Nasimiyu, kuna maneno mama yako alikuwa anataka kukuuliza ile jioni." Nilimwambia, "Ngoja kidogo, Mama Njeri, network inapotea." Kisha nikahakikisha hanipati tena. Nilikunja nyaya, nikaingia garini na watu wa kukodisha viti. Miezi minane nimekuwa nikituma mtu wa kulisha kuku na kukamua, na sikukanyaga huko, kwa kuogopa ua ule. Swali lilikuwa moja, kila siku: ulikuwa unaniita nikuokoe, na mimi nikakuhesabu kuwa tapeli? Nilitaka kujua na sikutaka kujua.

Jumamosi iliyopita nilienda. Nyumba inahitaji kufunguliwa madirisha, na Wafula amesema tusiiache ioze. Nilikuwa nakunja blanketi zako nikasikia mlango. Mama Njeri hakubisha hodi, aliingia na chupa ya chai na vikombe viwili kama ilivyokuwa desturi yenu. Amezeeka. Akamimina, akaketi kwenye kitanda chako, na mara hii hakukuwa na mtandao wa kusingizia.

Nikamuuliza mwenyewe. "Alikuwa anasema nini?"

"Alikuja na hiyo simu mkononi imezima," akasema. "Akaniambia nimwazime yangu, akupigie. Nikampa. Akapiga, haishikwi. Akapiga tena. Nikamwambia, Mama Wafula, si ukae kwanza, uso yako haiko sawa. Kichwa ilikuwa inamuuma, unajua. Ilikuwa inamuuma siku mingi."

"Siku nyingi? Hakuniambia."

Akanitazama. Si kwa ukali, Mama. Ingekuwa kwa ukali ningestahimili.

"Alikuambia, mami. Alisema alikuambia kichwa inauma na macho yanaona ukungu, na wewe ukamwambia ni mwangaza ya simu. Apunguze huo mwangaza."

Nilitaka kukataa. Halafu nikaisikia sauti yangu mwenyewe, wiki mbili au tatu kabla ya jioni ile, nikiwa nakula huku simu iko kwenye spika: Ni skrini, Mama, umeiwasha kali sana, vuta hapo juu ushushe. Na wewe ukasema, "Ah, kumbe ndiyo hiyo," ukashukuru. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Kwangu ilikuwa shida nyingine ya simu, nimeitatua, nikaendelea kula.

"Mimi nilimwambia aende akapimwe," Mama Njeri akaendelea. "Nilimwambia hata mbele ya kanisa. Alikuwa ananiambia, hapana, msichana wangu amesomea haya mambo, ameniambia ni simu. Akawa anaipunguza. Kuna siku, kabla ya hiyo ya stima kupotea, aliniletea nimwonee jina ya mtu, nikashindwa hata kuona hiyo simu kama imewaka. Ilikuwa giza tu."

Nikamuuliza alitaka kuniuliza nini basi, zile mara tatu.

Akazungusha kikombe mkononi. "Alitaka kukuuliza kama kuna mahali pengine pa kupunguza. Kwa sababu ameshusha mpaka mwisho, na kichwa bado inauma."

Nililia hapo, Mama, kwenye blanketi zako, kama mtu ambaye hakuwa amelia hata mara moja tangu ulipoondoka, na nadhani ndivyo ilivyokuwa. Mama Njeri hakuninyamazisha. Aliniacha mpaka chai ikapoa, akaimwaga nje, akamimina nyingine.

Tangu Jumamosi sijui niweke wapi jambo hili. Nilikuwa nimejiandaa kwa hatia ya kutoshika simu. Hiyo ningeibeba, watu wengi hawashiki simu. Lakini hukuwa unaniita nikuokoe. Hukujua kwamba kuna cha kuokolewa, kwa sababu uliniamini. Neno langu ulilisadiki kuliko macho ya jirani aliyekuwa amesimama mbele yako. Na mimi nilikuwa na saa inayohesabu mapigo ya moyo wangu usiku na mchana, na sikuwahi kukupeleka mahali wakakufunga hata ule mpira wa presha kwenye mkono, jambo la dakika mbili.

Ninakukosa mpaka mwili unauma. Nisamehe, ingawa najua ungeshanisamehe hata kabla sijamaliza kusema, na hilo ndilo linaniumiza zaidi.

Jua limezama sasa na karatasi siioni vizuri, kwa hivyo niruhusu nikuage kwa kushika sasa ile simu ya jioni ile ambayo sikuishika. Swali lako nimelipata, Mama. Hapana, hakuna mahali pengine pa kupunguza. Si simu. Haikuwa simu hata siku moja. Iweke chini, vaa sweta, umwombe Mama Njeri akae na wewe hapo mlangoni. Ninatoka Nakuru sasa hivi. Nakuja kukuchukua.

Binti yako