Kiti Tulichokigawa

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mapenzi yale yale ya tangu tukilala kitanda kimoja na wewe ukininyang'anya shuka. Natumai barua hii itakukuta una afya, goti limeacha kukusumbua, na shemeji amerudi kazini baada ya ile homa. Wanangu nao hawajambo? Yule wa mwisho bado anakimbia maji ya kuoga? Wabusu wote, waambie mama yao mdogo anawakumbuka mpaka anawaota. Mimi kwa mwili sijambo. Kwa mengine, tafuta kwanza mahali ukae, maana barua hii si ya kusomea njiani.

Ujumbe wako umenifikia, kwamba mnakuja wewe na akina mama wenzako wa maombi, tumshukuru Mungu pamoja kwa kuwa mume wangu amesimama. Niliusoma nikiwa kwenye meza yangu ya kupigia pasi, nikaunguza kola ya shati la mteja. Dada, Brashi hakusimama. Amelala nyuma ya pazia, hatua chache kutoka hapa ninapoandika, na daktari amesema tusihesabu siku nyingi. Ndiyo maana nakuandikia upesi, kabla hamjakata tiketi na kushona sare. Wewe ndiye uliyetuleta kwa Bwana, na sitaki usikie kwa mtu mwingine.

Unakumbuka tulivyokuwa ulipokuja mara ile, baada ya jukwaa la kazini kukatika chini ya Brashi, na fundi rangi hodari kuliko wote mtaani kubaki mtu wa kusukumwa. Nyumba ilikuwa kimya. Hata redio tulikuwa tumeizima. Ulikaa nasi, ukatupikia, ukatuombea, na ulipoondoka tulikuwa watu wengine kabisa. Tulibatizwa pamoja. Yeye alibebwa na wanaume wawili hadi ndani ya birika la ubatizo, na nikamsikia akimwambia mmoja wao kwamba wakimwangusha humo asisingiziwe shetani. Watu walicheka, mchungaji naye akacheka. Sijawahi kuwa na furaha kama siku ile, Dada, na sitaki barua hii ikufanye udhani siku ile ilikuwa uongo. Ile ilikuwa kweli.

Tatizo letu lilikuwa uchanga. Tuliingia darasa la waumini wapya kama watu waliofunga kula kwa wiki nzima, kila kilichowekwa mezani tukakimeza bila kutafuna. Tukifundishwa kwamba mwenye imani hatazami nyuma, basi sisi tukafika nyumbani tukaanza kupekua ni nini tunachotazama nyuma. Brashi alitupa sigara zake, hapo alifanya vizuri. Mimi nikatupa dawa yangu ya kichwa, na kichwa kikanionyesha cha mtema kuni. Mwalimu alipojua alinigombeza, akasema hakufundisha hivyo. Lakini moyoni nilimwona kwamba imani yake imepoa kidogo. Ndivyo tulivyokuwa, Wakristo wa juzi tunaowapima wa zamani.

Ile Jumapili niliyokuandikia, mchungaji aliwaita wagonjwa mbele. Brashi alisukumwa hadi madhabahuni. Kwaya ilikuwa inaimba kwa nguvu na wahudumu wawili wakamshika makwapani, wakamwinua. Miguu ikagusa sakafu. Kanisa zima liliruka. Mtu akampa kipaza sauti, naye akasema amesikia joto kutoka kiunoni mpaka kwenye nyayo, na kwamba amepona. Mimi nilikuwa nimevua viatu, nalia na kupiga vigelegele, sijui hata mkoba wangu ulikuwa wapi. Kisha wakamkalisha tena kwenye kiti chake cha magurudumu, ibada ikaisha, nikamsukuma mpaka nyumbani. Dada, mtu aliyepona nilimsukuma mpaka nyumbani, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema neno juu ya hilo.

Hapo ndipo tukafanya jambo letu. Yeye ndiye aliyelitamka, lakini nami nilikuwa nalo mdomoni. Alisema kiti kile kikibaki ndani kitakuwa kinamwambia Mungu kwamba hatujamwamini. Kesho yake tukampa kiti hicho mama wa mlinzi wa jengo letu, mzee asiyeweza kutembea mbali. Hatukumshirikisha mchungaji, alikuwa amesafiri, na hata angekuwepo nadhani tusingemuuliza. Yule mama alifurahi mno. Tangu siku hiyo hakai nyumbani, anasukumwa sokoni, kliniki, na kila palipo na umbea, mboga zake zimening'inia kwenye mikono ya kiti. Brashi alikuwa akiusikia mlio wa magurudumu chini ya dirisha, anasema yule mama anaendesha vibaya, atakuja kugonga watu.

Lakini sisi tulibaki na kitanda. Kila asubuhi nilikuwa namwinua, ananing'inia shingoni kwangu, tunasema kwa sauti, asante Bwana kwa miguu hii, halafu namshusha. Miguu haikufanya lolote. Tukasema kesho. Watu wa kanisani walikuja mwanzoni wakiuliza lini atakuja ibadani kwa miguu yake, nasi tukasema bado anapata nguvu. Baadaye nikashusha pazia. Mtu akibisha hodi, Brashi anajibu kutoka ndani kwamba yuko kwenye maombi, na nani atamkatiza mtu kwenye maombi? Wateja wangu waliniachia nguo mlangoni, nikawarudishia mlangoni. Ukinyooshea watu mashati yao ya ibada siku nzima, kumbe ndani mwako kumejikunja hivi, unachoka mwili na roho.

Kwenye kile kiti alikuwa akijiinua kwa mikono, anageuka, anakaa dirishani. Kitandani alilala mahali pamoja, na hapo alipolala hakuwa akisikia maumivu, kwa hiyo hakulalamika. Vidonda vikaanza mgongoni chini. Nikavifunika kwa kitambaa safi, nikanyunyiza wanga na sabuni ya manukato chumbani ili harufu isitoke. Nilijua ni vidonda, sikuwa mjinga. Niliogopa tu kwamba nikivipeleka hospitali nitakuwa nimemrudishia Mungu muujiza wake.

Aliyetuokoa na upuuzi huo ni muuguzi mmoja, mteja wangu, ananiletea sare zake nyeupe. Siku hiyo nilimpa sare mlangoni kama kawaida, lakini hakuondoka. Alisimama ananusa. Akaniuliza nani anaumwa humu ndani. Nikamwambia hakuna, mume wangu ameponywa. Aliniangalia, akaweka sare chini, akapita kando yangu na kufungua pazia. Dada, nilitarajia anicheke au anitukane. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliomba maji ya moto, akanawa, akamgeuza Brashi taratibu, akavikagua vidonda. Ndipo akauliza kiti chake kiko wapi. Wakati huo huo yule mama akapita chini ya dirisha akisukumwa, anamfokea mtu aondoe baiskeli njiani. Nikamwonyesha dirishani kwa kidole.

Hospitali walifanya walichoweza. Sumu ya vidonda ilikuwa imeingia kwenye mfupa na kwenye damu. Daktari alisema kama angeletwa mapema, kisha akakatiza maneno yake, nadhani alimwona Brashi ananitazama. Walimpa dawa za kupunguza maumivu, na yeye mwenyewe akaomba arudi nyumbani. Muuguzi anakuja karibu kila siku akitoka zamu, hajataka malipo, ila ameniamuru nisipige tena wanga kwenye sare zake, eti zinamchoma shingoni na alikuwa anaona aibu kuniambia.

Habari zilipomfikia mama yake mlinzi, alikuja na kiti chenyewe. Alisukumwa hadi mlangoni kwetu, akajaribu kushuka, analia, anasema mwenyewe akichukue, yeye hakujua. Brashi alikataa katakata. Alimwambia hawezi kumshusha mtu mzima kitini na kumwacha chini, na isitoshe kwa vidonda alivyonavyo sasa hawezi kukikalia hata akipewa cha mfalme. Akamwomba kitu kimoja tu, apunguze mwendo kwenye kona. Yule mama alicheka huku analia. Sasa anakuja kila siku, anaegesha kiti kando ya kitanda, na wawili hao wanasengenya jengo zima.

Mchungaji naye alikuja. Nilikuwa nimejiandaa kwa mahubiri, nikapangusa kabisa kigoda. Hakuhubiri. Alisema aliona siku ile kwamba miguu inaburuzika, akaona pia furaha ya watu, akajiambia atakuja kutuona akirudi safari. Aliporudi akasikia Brashi yuko kwenye maombi, akaamini, kwa sababu kuamini hivyo kulikuwa rahisi. Alituomba msamaha. Sijawahi kuona mchungaji akimwomba msamaha mtu aliyelala kitandani. Brashi alimwambia wote tulikuwa kwenye jukwaa moja na limekatika, basi.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, ambalo mchungaji halijui, wala muuguzi. Ni wewe tu.

Mchana mmoja nilikuwa namsafisha vidonda, amenipa kisogo, ameelekea ukutani. Labda kwa sababu hakuwa ananiona usoni, akasema. Alisema siku ile madhabahuni hakusikia joto lolote. Hakusikia kitu. Alipoinuliwa alinitafuta kwa macho, akaniona nimevua viatu nalia kwa furaha, na akafikiri kwamba tangu aanguke hajanipa hata siku moja nzuri. Basi akanipa hiyo. Kiti pia alikigawa kwa ajili yangu, nisije nikashtuka kwamba hajapona.

Dada, kitambaa kiliniponyoka. Kwa sababu nami nilijua. Nilikuwa benchi la mbele, niliona vidole vyake vya miguu vimekunjika chini ya nyayo, hakuna mtu anayesimama hivyo. Nilipiga kelele kwa sababu niliona amefurahi. Nikasema nikinyamaza nitamvunja. Kila asubuhi nilipomwinua nilijua, naye alijua, na kila mmoja akawa anailea imani ya mwenzake kama mtoto mgonjwa, na hakuna aliyekuwa akiamini anachosema. Nilimwambia yote. Akaanza kucheka, mabega yanatikisika, nami nikacheka mpaka nikaketi sakafuni, na tulipomaliza kucheka tukawa tunalia.

Ndipo tukaomba. Siyo ile ya kupaza sauti ili majirani wajue. Yeye alitangulia, akasema, Bwana, miguu yangu ni mibovu, na ninaogopa kufa. Basi, hakuongeza. Mimi nilisema nimechoka, simtaki aende, nitabaki na nani, lakini kama kumbakiza ni kumwacha aendelee kuoza hivi, basi mchukue. Nilisema hivyo Dada, kwa sauti, yeye anasikia. Nilimwombea mume wangu kifo. Nikafumba mdomo, nikasubiri aniambie nimemtupa. Akasema amina.

Najua utaumia. Labda utasema nimekata tamaa, au imani yangu imekufa. Sijui nikueleze vipi. Siku zote za vigelegele nilikuwa najisikiliza mwenyewe. Mchana ule, na kidonda kiko wazi mbele yangu, ndipo kwa mara ya kwanza nilihisi kuna anayesikiliza. Sikupewa nilichotaka. Sikuahidiwa kitu. Nilisikilizwa tu, na nikaweza kuinuka, nikafunga kidonda, nikarudi kwenye pasi. Kama huku ndiko kukua ulikokuwa ukituombea, basi kunauma kuliko nilivyodhani, na usingeweza kuniambia nikakuelewa. Ninalia kila siku. Nina hasira pia, nyingine kwangu, nyingine kwake, na nyingine namwambia Mungu mwenyewe asubuhi nikiwasha moto, na bado hajanifukuza.

Basi njoo, Dada, njoo upesi. Akina mama waambie ukweli huu kama ulivyo, na anayetaka kuja baada ya kuujua aje, matari yaacheni nyumbani. Kuna godoro la ziada, na nitakuachia shuka safari hii. Nisalimie shemeji sana, wasalimie wanangu, wasalimie wote wanaotuulizia.

Brashi ameamka sasa hivi, ameuliza naandika nini kirefu hivyo. Nimemsomea. Anakusalimu, anasema ushuhuda wangu ni mrefu kuliko wake. Ameniomba niongeze neno lake. Anasema, mwambie dada yako asiniulize naendeleaje, anajua. Aniulize naogopa nini, nitamwambia, halafu anishike mkono.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kasuku