Viatu vya Jumamosi

Kindu, Alunguli, 10 Julai 2025

Mdogo wangu Fifi,

Baba amefariki juzi Jumanne, tarehe 8, saa nne asubuhi. Saa hiyo aliitaja muganga wa zamu wa hospitali. Mimi nilikuwa nimevuka mto kutafuta dawa, na niliporudi walikuwa wameshamfunika.

Sasa nakusalimu. Hujambo wewe, na shemeji, na watoto? Mpunga wa Kibombo umezaa mwaka huu? Sisi ni wazima, ila nyumba imejaa watu.

Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Tulimzika Jumatano alasiri. Askari wastaafu kumi na wawili walikuja, watatu kwa magongo. Mmoja wao aliwachekesha waombolezaji, akimtaja baba kwa cheo chake: kambini, alisema, Ajida Djuma alikuwa anatutisha kwa sauti, kumbe nyumbani njo yeye anapiga pasi nguo za masomo za wajukuu, na kola ikipinda anaanza upya. Ni kweli. Tangu mama afariki mwaka 2001 hakuoa tena, na tangu alipotoka jeshini hakuna mtoto wa nyumba hii aliyekwenda shule na kola iliyopinda.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Blaise wa pikipiki anakuletea mkononi. Arobaini ni Jumamosi tarehe 16 Agosti. Katika sanduku la baba, pamoja na karatasi zake za jeshi, nimekuta barua uliyoniandikia mimi, yaya wako, ukiwa mtoto. Sikujua kwamba aliichukua kwangu. Nimeinakili nyuma ya karatasi hii.

Kaka yako,
Yassine

(Nakala)

Kibombo, 6 Desemba 1998

Yaya Yassine,

Hujambo? Mama hajambo? Mimi sijambo, jino la mbele limetoka. Shangazi Jeannette ananifundisha kutwanga. Baba aliponiacha hapa alipima mguu wangu kwa kijiti, akakikata, akakiweka mfukoni. Alisema ataleta viatu Jumamosi. Jana ilikuwa Jumamosi ya kumi na mbili. Ninakwenda stesheni, shangazi anasema gari moshi haliji tena. Mwambie baba mguu wangu unakua.

Mdogo wako,
Fifi

Kibombo, 19 Julai 2025

Yaya Yassine,

Salamu nimezipokea. Sisi wazima, mpunga umezaa wastani. Pole kwa msiba. Unisamehe, sijui kama mimi ni wa kupewa pole au wa kuitoa.

Barua ile naikumbuka. Wewe ulibaki Kindu na mama, mimi nikaletwa huku kwa dada yake baba, eti kwa wiki mbili, vita vipite. Baba alirudi mwaka 2003 na magwanda yake na pakiti ya biskuti. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikataa kwenda naye, na sijutii. Kila mwaka alikuja, akaketi uani kwa shangazi, akatengeneza mlango au kiti, akaondoka. Nilimuuliza mara moja tu alikuwa wapi. Alisema, "Vita, mama." Akaendelea kupigilia misumari.

Nawe huyajui hayo, kwa sababu hata alipokuwa vitani hakukosekana moyoni mwako. Mtu akinyamaza miaka ishirini, mimi najua jibu lake. Alinisahau. Sitakuja kwenye arobaini. Wape watoto salamu.

Fifi

Kindu, Alunguli, 27 Julai 2025

Mdogo wangu Fifi,

Hujambo? Nyumbani hawajambo? Sisi tunaendelea.

Kuna jambo la siku ya mazishi ambalo sikukuandikia, kwa sababu sikuwa nimelihakikisha. Kazi ya redio imenifundisha kutopeleka neno la mtu mmoja.

Kaburini, imamu aliuliza kama ilivyo desturi: mwenye lolote na marehemu aseme sasa. Mzee mmoja akainua mkono. Anaitwa Okito, mkulima, anatoka upande wako. Alisema hadai kitu. Ana habari ya kuwaachia watoto wa marehemu. Nilimfuata mara mbili, siku tofauti, nikamuuliza maswali yale yale. Majibu hayakubadilika.

Mwaka 2000 Okito alikuwa mwanamgambo wa Mai-Mai, waliopigana na waasi, akilinda kizuizi kwenye njia inayotoka Kasai kuelekea Kibombo. Mji wenyewe ulikuwa mikononi mwa waasi, na jeshi la baba, la serikali, lilikuwa upande wa Kasai. Akaja mwanaume peke yake, nguo za kiraia. Walimvua shati, wakaona begani alama ya mkanda wa bunduki. Wakamdhani mpelelezi wa waasi. Mfukoni hakuwa na karatasi yoyote, ila kijiti kimoja na viatu vya mtoto, vyekundu, vya plastiki. Mkubwa wao akaamuru auawe. Maneno ya baba, Okito aliyarudia hivi:

"Kama munataka kuniua, muniue wakati wa kurudi. Saa hii niko napeleka viatu."

Walicheka, wakamwachia apite, wakiamini hawatamwona tena. Kulikuwa na njia ya pembeni, na yeye aliijua. Kesho yake alasiri akarudi pale pale kizuizini, mikono mitupu, akasema, "Niko hapa." Mkubwa wao alimtazama, akamwambia aende zake. Okito alimsindikiza kidogo, akamuuliza kama alimuona mutoto. Alijibu, "Nimemuona mugongo. Alikuwa anatwanga mupunga."

Shahidi mmoja hatoshi. Wa pili, kama yupo, ni shangazi Jeannette, nyumba ya tatu kutoka kwako. Mimi sitamuuliza. Wewe ukitaka, muulize.

Kaka yako,
Yassine

Kibombo, 10 Agosti 2025

Yaya Yassine,

Hujambo? Watoto hawajambo? Sisi wazima. Unisamehe kuchelewa, Blaise amepita mara mbili nikamrudisha bila barua.

Nilikwenda kwa shangazi siku ile ile barua yako ilipofika. Alikuwa anatwanga majani ya muhogo ya kupika pondu. Nikamtajia viatu vyekundu. Akaweka mchi chini.

Viatu navikumbuka. Alinipa shangazi, akisema amevinunua kwa mchuuzi wa baiskeli. Vilikuwa vidogo. Nilivibana miguuni wiki nzima kwa sababu nilivitaka, hadi visigino vikatoka damu. Kovu la kushoto lipo mpaka leo. Baba alinunua kwa kijiti cha 1998, sawasawa, bila kuongeza hata kidole. Miaka miwili, yaya. Alidhani mguu ulimngoja.

Shangazi alisema: "Alisimama nyuma ya jikoni. Nilimuambia, ukimuita mutoto atapiga kelele ya furaha, mutaa wote utajua, waasi watachoma nyumba na siye ndani. Akasimama akakuangalia. Akaenda."

Nikamuuliza: na baada ya vita? Hapo alilia. Mimi nilikuwa nimezoea kumwita mama. Aliogopa kwamba akisema, nitaondoka. Mwaka 2003 alimwomba baba anyamaze. Baba alimjibu: "Ulilea mutoto wangu. Ni lako la kusema, siyo langu."

Basi ndiyo maana baba alikuwa anatengeneza milango.

Siku sita sikumsemesha shangazi. Siku ya saba nikampelekea chai, akanywa. Jana akauliza kama pikipiki ya Blaise inaweza kumbeba mtu wa miaka yake. Nimesema atapakiwa katikati, mimi nyuma nimshike.

Mwambie mzee Okito aje. Nataka anionyeshe baba alisimama vipi pale kizuizini. Kijiti, kama kimo sandukuni, usikitupe.

Tutaondoka Alhamisi, tutalala njiani kwa shemeji wa Blaise. Mtungojee kivukoni Ijumaa tarehe 15, saa tisa alasiri. Jumamosi tarehe 16 nitakuwepo.

Mdogo wako,
Fifi binti Djuma