Grafu Isiyogusa Mstari

Kanazi, 3 Machi 2025

Mjukuu wangu Evelyne,
Hujambo? Mimi mzima, goti tu ndilo linanisumbua. Mkuu wa shule kapiga simu: kwenye mtihani wa hesabu umejibu swali moja, tena hukulimaliza. Baba yako alizama ziwani huko Goziba mwezi wa kwanza na mwili haujaonekana. Najua, Clavery nilimzaa mimi. Lakini hesabu imekukosea nini? Au unataka kuja kuchuma kahawa? Hutaweza, mvivu wewe. Mimi niliishia darasa la tatu na barua naandika mwenyewe. Sema unachoshindwa.
Bibi yako, Georgina

Muleba, 15 Machi 2025

Shikamoo Bibi,
Sijambo. Pole na goti.
Ni polinomia. Tunatafuta namba ambayo ukiiweka mahali pa x, hesabu yote inakuwa sifuri. Unajaribu moja, mbili, tatu, hasi na chanya. Ila kuna nyingine grafu yake inapita juu, haigusi mstari wa sifuri. Mwalimu Lwakatare anasema hapo andika "hakuna namba halisi", ni jibu kamili, lina alama zote. Wenzangu wanaandika. Mimi naendelea kujaribu namba mpaka kengele inalia.
Silii, Bibi. Sisikii kitu. Je, wazee wamesemaje kuhusu Baba?
Mjukuu wako, Evelyne

Kanazi, 6 Aprili 2025

Evelyne,
Unakula huko? Goti ni lilelile.
Wazee wa ukoo walikuja wakiongozwa na Rugemalira. Walitaka tuzike mgomba mahali pa mwili, msiba uishe, kibanja cha migomba kilimwe tena. Niliwafukuza na ufagio. Nikasema, mwanangu si mgomba. Magugu yamefika kiunoni.
Halafu nikasoma barua yako. Kumbe hata waliosoma wanafika mahali wanaandika "hakuna", na mwalimu anaweka vema! Nimemwita Rugemalira. Kaja anasimama mbali, anauliza kwa heshima, "Ufagio uko wapi, waitu?" Jumamosi tunazika.
Wewe usije, una mtihani. Andika hilo neno. Usipoliandika nakuja hapo na goti langu, nikuchape mbele ya wenzako.
Bibi yako, Georgina

Muleba, 14 Aprili 2025

Shikamoo Bibi,
Natumaini mmelala salama baada ya mazishi. Mimi mzima, nakula.
Leo swali la pili grafu ilipita juu. Nilishika kalamu muda mrefu, kisha nikaandika. La tatu nilichelewa kulianza, karatasi ililowa. Msimamizi akanipa nyingine.
Mjukuu wako, Evelyne